Kompyuta Imesema Hakuna

Ukifika Bomang'ombe ukauliza mahali pa kutengeneza kompyuta, utaelekezwa kwa vijana watatu wenye bango kubwa na miwani ya jua. Ukiuliza mahali ambapo kompyuta inatengenezwa ikapona, utaelekezwa kwa Loveness Nkya.

Duka lake ni steshenari ya mlango mmoja kando ya barabara ya Arusha, limebanwa kati ya fundi viatu na mama muuza mitumba. Anapiga chapa, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti na kuchapa kadi za harusi za watu ambao, kwa maoni yake, hawakupaswa kuoana. Ana miaka thelathini na tisa. Chuo cha kompyuta alikiona siku moja tu, alipopeleka mtihani aliokuwa amewachapia walimu. Walikuwa wamekosea maswali mawili. Aliyasahihisha bila kuwaambia. Watu wa aina hii ndio wanaoiendesha nchi, na hakuna anayewaalika kwenye semina.

Hana papara. Ukimletea kilio, anakuletea swali.

"Dada Loveness, kompyuta yangu imekufa."

"Imekufa au imezimia? Umeichomeka?"

"Nimeichomeka, kwani mimi mtoto?"

"Na umeme ulikuwepo?"

Hapo mteja hukumbuka kwamba ana safari.

Kanuni yake ni moja. Kabla hujaamini jibu la mashine, iulize kwanza kitu ambacho jibu lake unalijua. Ikikosa hapo, tatizo ni mashine. Ikipatia, tatizo ni swali lako. Anasema kanuni hiyo inafaa pia kwa wachumba, na kwamba yeye mwenyewe aliigundua kwa kuchelewa.

Alhamisi moja ya Julai, mwezi ambao ukungu hushuka kutoka mlimani mpaka ukakuingia kwenye soksi, mwanamke wa Masama aliyeitwa Esther aliingia dukani na buti zenye matope. Hakuwa na karatasi ya kutoa kopi. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akasema, "Wananinyang'anya kihamba."

Kihamba ni shamba la nyumbani: migomba, kahawa, zizi la ng'ombe, nyumba, na makaburi ya waliotangulia, vyote mahali pamoja. Kwa mila kinakwenda kwa mtoto wa kiume. Mzee Yoramu, baba yake Esther, hakujaliwa wa kiume. Alijaliwa mabinti wanne. Watatu waliolewa wakaenda zao. Esther alibaki. Alipalilia, alikamua, na miaka sita ya mwisho alimwogesha baba yake kama mtoto mchanga. Mila haihesabu maji ya kuogeshea. Mila inasema shamba la mtu asiye na mwana linamwangukia mtoto wa kaka yake, naye ni Godlove, mtu wa Dar es Salaam anayepanda mlimani kila Desemba kula nyama na kulalamikia barabara.

Lakini Yoramu aliijua dunia. Desemba ya mwaka 2011, ndugu wote wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi, aliuitisha ukoo, akachinja mbuzi, na ukoo ukakubali kwamba kihamba kitakuwa cha Esther. Muhtasari wa kikao ukaandikwa. Sasa Yoramu yuko kaburini, Godlove anataka kujenga loji ya watalii, na kikao cha kuamua kilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Zilibaki siku mbili.

"Huo muhtasari uko wapi?" Loveness aliuliza.

"Nakala ya baba ilikuwa ndani ya Biblia yake."

"Na Biblia?"

"Tulimzika nayo."

Loveness alifumba macho kidogo. "Na nakala ya ukoo?"

"Mzee Eliamini, katibu wetu, aliiweka darini. Mchwa wakaila. Ila anayo kwenye kompyuta yake, aliapa mwenyewe. Ameitafuta wiki nzima. Kompyuta imesema hakuna."

"Na waliokuwepo siku ile?"

"Wengine wamekufa. Walio hai wamesahau tangu Godlove awachinjie ng'ombe. Wanasema wao hawana ubaya na mimi, ila kama kompyuta imesema hakuna, basi hakuna."

Niruhusiwe kusema hapa kinachopaswa kusemwa. Wazee ambao kwa miaka sitini hawakuwahi kuliamini neno la mwanamke waliliamini neno la sanduku la plastiki siku ya kwanza tu, kwa sababu lilisema walichotaka kusikia. Huo si ushamba wa teknolojia. Ni ujanja wa kale uliopata kifaa kipya.

Ijumaa Loveness alifunga duka, akabandika mlangoni karatasi ya "Narudi", akapanda bodaboda mpaka Masama, Esther akamwongoza hadi kwa katibu. Mzee Eliamini alimpokea mlangoni akiwa amevaa koti la suti juu ya sweta. Ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mwaminifu kiasi cha kuwa kero. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama bibi harusi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Tule kwanza."

"Mzee, kikao ni kesho."

"Na kiburu ni cha leo."

Ililetwa sahani ya ndizi zilizopondwa na maharage. Loveness alikula, Esther akala. Mlimani hugusi kompyuta ya mtu kabla hujagusa chakula chake.

Kisha mzee akafunua kitambaa, akawasha, akasubiri, akaandika neno "Esther" kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi moja moja kwa kidole kimoja. Mashine ilijibu haraka kuliko ilivyowaka: hakuna kilichopatikana.

"Umeona?" alisema mzee. "Haina hata haya."

Loveness akamwomba kiti. Alifungua ukurasa mpya, akaandika sentensi moja, "Godlove ana kichwa kikubwa," akaihifadhi kwenye folda ile ile ya ukoo kwa jina la "jaribio". Kisha akarudi kwenye kisanduku cha kutafutia akaandika "kichwa".

Hakuna kilichopatikana.

"Mzee, hiki kichwa nimekiweka sasa hivi, wote tumekiona. Mashine inakana. Wiki nzima umekuwa ukimhoji shahidi kipofu."

Esther alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mzee hakucheka. "Kwa nini inadanganya?"

"Haidanganyi. Inatazama majina ya mafaili peke yake, haifungui ndani. Mzee, kitabu cha nyimbo kina orodha nyuma, si ndiyo?"

"Kina."

"Mtu akikuomba wimbo, unasoma kitabu kizima?"

"Natazama orodha."

"Na wimbo ukisahauliwa kwenye orodha?"

Mzee alifikiri. "Nitamwambia haumo. Hata kama kwaya inauimba dirishani."

"Ndiyo hivyo. Kompyuta yako ina orodha ya maneno, lakini folda ya ukoo umeiweka kwenye diski ya pili, na diski ya pili haimo kwenye orodha."

Aliingia kwenye mipangilio. Aliiagiza mashine isome majina na yaliyo ndani pia, akaongeza diski ya pili, akaiambia itengeneze orodha upya tangu mwanzo. Kompyuta ikaanza kunguruma kama pikipiki inayopanda mlima wa Kibosho na gunia la saruji mgongoni. Ikabidi wasubiri, na katika kusubiri ndipo ukweli ulipotoka.

"Mzee," Esther alisema, "wewe ulikuwepo siku ile. Unakumbuka?"

"Nakumbuka vizuri sana. Ukoo ulikubali. Hakuna aliyepinga."

Loveness aligeuka. "Sasa si uwaambie hivyo kesho?"

"Katibu hasemi anachokumbuka, mwanangu. Katibu anasema kilichoandikwa."

"Hata kama Esther analala nje?"

Mzee alitazama sakafu. "Nikianza kusema ninachokumbuka, kesho atakuja katibu mwingine akumbuke anachotaka."

Ni jibu la mtu mwema, na ndilo lililokuwa likimfukuza Esther nyumbani kwake. Wabaya peke yao wasingeweza. Godlove alihitaji mtu mmoja safi wa kusimama pembeni, akiwa amefunga mdomo kwa heshima zote.

Baada ya saa nzima mngurumo ulipungua. Loveness aliandika "kichwa". Sentensi yake ikatokea, pamoja na mahubiri mawili ya Kwaresima. Aliandika "Esther". Zikaja orodha ya kwaya, barua ya chama cha maziwa, na salamu za rambirambi. Muhtasari haukuwemo.

Aliandika "kihamba". Hakuna.

Hapo Loveness akaegemea kiti. "Ukoo wa Masama ukae vikao vya miaka kumi usitaje kihamba? Bora uniambie kanisa limesahau kutaja sadaka." Alifungua folda ya ukoo kwa mkono. Mafaili yalikuwemo, sitini na moja, majina yake ni namba tupu. Akafungua la kwanza. Muhtasari huo hapo, maneno yamenyooka, chini vidole gumba vya wazee kwa wino wa buluu, na muhuri. Akajaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Ukurasa mzima ukashikwa kama blanketi.

"Mzee, hizi ni picha."

"Ni mihtasari."

"Ni picha za mihtasari. Kompyuta ikiitazama karatasi hii, inaona kama picha ya mbuzi. Haijui kwamba kuna maneno. Maandishi uliyoyapiga mwenyewe yako wapi?"

"Niliyafuta."

"Uliyafuta?"

"Yote." Mzee alinyoosha mgongo, akawa mwalimu tena. "Kabla ya wazee kuweka vidole, yale ni maneno tu. Wakishaweka vidole, ndipo yanakuwa muhtasari. Nikibaki na yale maneno kwenye kompyuta, mtu anaweza kuingia akabadilisha. Kwa hiyo kila kikao: nachapa, wanaweka vidole, napiga muhuri, nafuta. Baadaye nikazipeleka karatasi zote zikaskaniwe, nikaweka hapa."

"Nani mjinga aliyekuskania picha tupu bila kukuuliza utazitafutaje?"

"Wewe, mwanangu."

Esther alipaliwa na chai.

"Mimi?"

"Mwaka 2019, dukani kwako, zote siku moja. Ulikuwa unaongea na simu."

Kwa mtu anayewacheka wateja kwa kusahau kuchomeka waya, hilo lilikuwa kofi la haki. Loveness alichomeka flashi yake, ambamo ana programu ya kusoma herufi kutoka kwenye picha, akailisha ukurasa mmoja. Ukurasa ulichukua dakika kumi na tano, na pale vidole gumba vilipofunika maneno ikatoa takataka. Kulikuwa na kurasa zaidi ya mia mbili. Alipiga hesabu kichwani, akaizima.

"Kikao kitaisha kabla haijafika nusu. Tutafute kwa tarehe."

Tarehe zote zilikuwa moja, ile siku ya simu.

"Mlizipanga kwa mwaka?"

"Nilizipanga," alisema mzee. "Zikaanguka dukani kwako."

Loveness hakuuliza tena lolote kuhusu duka lake. Alibadilisha mwonekano wa folda ili kila faili lionyeshe picha yake ndogo badala ya namba, akazikuza mpaka zikajaa kioo, akasogeza uso. Maneno hayakusomeka kwa udogo. Lakini kitu kingine kilionekana.

"Mzee, mbona mihuri haifanani? Hii ya mstatili, ile ya duara."

Mzee Eliamini alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Muhuri wa ukoo tuliuchonga mwaka 2012," alisema kwa sauti ya chini. "Kabla ya hapo hatukuwa nao. Na unajua watu wetu, karatasi bila muhuri ni ya kufungia maandazi. Mimi nilikuwa katibu wa kwaya pia. Ule wa duara ni wa kwaya."

"Ulipiga maamuzi ya ardhi muhuri wa kwaya?"

"Wino ulikuwa mzuri."

Loveness alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaacha ghafla. "Kwa hiyo wa 2011 ni wa duara."

"Lazima."

Walihesabu. Kati ya sitini na moja, mihtasari yenye duara ilikuwa tisa. Walifungua mmoja mmoja, Loveness akibonyeza, Esther akisoma kwa sababu macho yake ndiyo yaliyokuwa na sababu kubwa zaidi. Kwenye wa tano Loveness alisimama. Ulikuwa wa Desemba 2010, ukimpa kihamba cha juu Ndugu Mathew, marehemu baba yake Godlove. Haukuwa ule waliokuwa wakiutafuta, lakini aliunakili kwenye flashi yake hata hivyo.

Wa saba, Esther aliweka kidole kwenye kioo na hakukitoa.

"Ukoo umeridhia," alisoma, "kihamba cha Ndugu Yoramu, pamoja na kahawa, migomba na nyumba, kiwe cha binti yake Esther, na mtu yeyote asimsumbue." Chini kulikuwa na vidole kumi na moja, na cha mwisho kilikuwa cha baba yake, kimepinda kidogo, kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza kutetemeka mwaka ule.

"Aika," alimwambia Loveness, asante ya kwao.

Jumamosi, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye migomba, ukoo ulijipanga kwenye viti vya plastiki uani kwa Esther. Mwenyekiti alikuwa Mzee Eliufoo, mtu mnene anayesinzia kwa heshima. Godlove alikaa mbele, viatu vyeupe, katika mwezi wa matope. Loveness alisimama nyuma kabisa. Hakuwa wa ukoo na hakuwa na ruhusa ya kusema.

Mzee Eliamini alisimama wa kwanza.

"Ndugu zangu, niliwaambia kompyuta imesema hakuna. Kompyuta haikusema hivyo. Mimi sikujua kuuliza, na jibu la ujinga wangu nikawaletea kama ushahidi. Naomba radhi kwa Esther."

Watu waligeuziana macho. Mzee wa kanisa kukiri kosa mbele ya ukoo si jambo unalolishuhudia mara mbili. Kisha akausoma muhtasari, neno kwa neno, mpaka "asimsumbue", na karatasi ikazungushwa. Wazee wawili walitazama vidole vyao wenyewe vya miaka ile, wakavitazama na vile vya mkononi, wakaanza kukumbuka taratibu.

Karatasi ikamfikia Godlove. Aliisoma, akaigeuza, akaisogeza machoni, akatabasamu.

"Jamani. Hebu someni muhuri. Huu ni wa kwaya! Tangu lini kwaya inagawa ardhi? Sauti ya kwanza inachukua migomba, sauti ya pili kahawa?"

Uani kukaanguka kicheko, na ulikuwa utani mzuri, lazima nikubali. Mzee Eliufoo alizinduka, akaomba karatasi, akatikisa kichwa. "Eliamini, ni kweli hii?"

"Ni kweli."

"Basi hapa kuna tatizo."

Esther aliona wazee wale wawili wanaanza kusahau tena. Ndipo Loveness alipopenya kati ya viti, akamwekea mkononi karatasi ya pili aliyoichapa asubuhi. Esther aliitazama, akasimama, akaipeleka kwa katibu.

"Babu, kilichoandikwa. Soma."

Mzee Eliamini alisoma. Desemba 2010. Kihamba cha juu. Ndugu Mathew na kizazi chake. Vidole tisa. Alipofika mwisho alisimama kidogo, kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Na muhuri ni wa kwaya."

Akaiinua karatasi, wote wakaiona duara.

"Kwa hiyo," aliendelea, "kama kwaya haigawi ardhi, kihamba anacholalia Godlove kila Desemba nacho kirudi kwenye ukoo. Tukigawe upya leo. Tumeshakaa."

"Mimi niko tayari kupokea, Meku, mzee wangu!" sauti ya mama mmoja ilitoka nyuma. "Na naimba sauti ya pili!"

Safari hii kicheko kilikaa muda mrefu. Godlove alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua. "Nafikiri," alisema, "kwenye mambo haya muhuri si kitu. Cha muhimu ni nia ya wazee."

"Nia imeandikwa," alisema katibu.

Mzee Eliufoo aliuliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Akatamka kwamba kihamba ni cha Esther na mtu yeyote asimsumbue, wazee wakasema ndivyo, na akajinyoosha kama mtu aliyemaliza kazi ngumu.

"Haya, Esther mwanangu. Sasa tuletee chai."

Esther alivuta kiti kilichokuwa wazi, akakaa katikati yao.

"Baba, leo wenye vihamba wamekaa. Na mimi nimekaa. Majani na maziwa yako jikoni." Akamgeukia binamu yake. "Godlove, jiko unalijua. Jumatano ulilipima kwa futi kwa ajili ya loji yako."

Godlove aliwatazama wazee mmoja mmoja akitafuta wa kumtetea. Mzee Eliufoo alikuwa na kiu. Godlove aliinuka, akavuka matope kwa viatu vyake vyeupe, akaingia jikoni.

Maziwa yaliungua. Wazee waliinywa chai hivyo hivyo, na Esther akanyoosha kikombe aongezewe.